King'ora cha simu kingelia saa ngapi ziwani?

Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025, saa 11 jioni kwa saa zetu, simu za Uingereza nzima zililia kwa pamoja. Lilikuwa jaribio la king'ora cha dharura, la pili kwa nchi nzima baada ya lile la tarehe 23 Aprili 2023. Rafiki yetu anayesoma huko alikuwa maktaba. Akarekodi video: watu wameinama kimya, mara simu moja, mara zote, mlio ule wa kukwaruza masikio, kisha vicheko. Akaitupa kwenye grupu letu la WhatsApp na swali moja, "Kwetu lini?"

Sisi wakati huo tulikuwa mwaloni, upande wa Ilemela hapa Mwanza, tunahangaika na darubini. Usiku ule kulikuwa na kupatwa kwa mwezi, na kuanzia saa 2:30 usiku hadi karibu saa 4 mwezi mzima ungekuwa ndani ya kivuli cha dunia. Tulichagua mwalo kwa sababu kuna uwazi, na kwa sababu mwezi mpevu huwaleta wavuvi wa dagaa nchi kavu. Dagaa huvuliwa kwa taa gizani. Mwezi ukijaa taa haina nguvu, watu wanapumzika na kushona nyavu. Kwa hiyo wasikilizaji walikuwepo.

Grupu likachangamka. "Hiki ndicho tunachohitaji ziwani." "Kingekuwepo, MV Nyerere isingeua watu." "Teknolojia ipo, kinachokosekana ni utashi." Na mimi, nakiri, niliweka dole gumba. Halafu nikamwonyesha video mzee mmoja aliyekuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Akaitazama mara mbili.

"Hiyo ililia saa ngapi, mwanangu?"

"Saa hii hii, mzee. Kumi na moja."

"Hapo sawa. Saa hii ningeisikia. Ingelia saa nane usiku nikiwa huko nje, simu iko kwenye nailoni, na imezimwa."

Makala hii imetokana na jibu hilo. Sina ugomvi na king'ora cha simu kama kifaa. Naona ni kitu kizuri sana. Ugomvi wangu ni na namna tunavyokizungumzia, hasa sisi wa vyuoni, kana kwamba kazi yote ni kufikisha mlio kwenye kila simu. Kwa ziwa letu, mlio wenye manufaa una saa yake, na saa hiyo ni jioni kabla mitumbwi haijasukumwa majini. Ukichelewa hapo, hata mtambo wa bei ghali kuliko yote unamlilia mtu asiyekuwepo.

Kwanza tukipe kifaa haki yake, maana wengi wanadhani ni SMS tu iliyoongezwa kelele. Sivyo. SMS inakwenda kwa namba. Mtambo unachukua orodha, unaanza kutuma moja baada ya nyingine, kama mwalimu anayeita majina ya darasa. Ukiwa na watu laki tano wa kuwafikia kwa wakati mmoja, na wakati huohuo kila mtu anapiga simu kuuliza kuna nini, foleni inakuwa ndefu, na wa mwisho anapata ujumbe jambo likiwa limeshapita. King'ora kinatumia njia nyingine. Mnara wenyewe unatangaza kama mpiga debe wa stendi ya Nyegezi: hajui jina lako, hana namba yako, anapaza sauti na kila aliyepo anasikia. Wakiwa kumi au elfu kumi, kwake ni sauti ileile. Hahitaji bando lako. Na kwa kuwa anarudia tangazo kwa muda uliopangwa, anayeingia kwenye eneo la mnara dakika ishirini baadaye naye analipata.

Njia hii si mpya hata kidogo. Imo ndani ya viwango vya GSM tangu enzi za simu za vitufe, maana yake hata kitochi kinaweza kuipokea, si lazima simu janja. Japani inaitumia kwa matetemeko, Marekani ina mfumo wake tangu 2012, Uholanzi vilevile 2012. Umoja wa Mataifa ulitangaza mwaka 2022 lengo la kila mtu duniani kufikiwa na maonyo ya mapema ifikapo mwisho wa 2027. Kwa hiyo swali la rafiki yetu, "kwetu lini", ni halali kabisa, na kwa tetemeko, moto au mafuriko ya mjini mimi ningelipigia kelele kesho asubuhi.

Sasa turudi majini.

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Jumlisha Rwanda na Burundi, bado hazifiki. Mnara wa GSM ya kawaida una ukomo wa kilomita 35, na ukomo huo haumo kwenye nguvu ya umeme; umo kwenye hesabu ya muda. Simu na mnara hupeana zamu za kuzungumza kwa vipande vidogo sana vya sekunde, na ishara ikitoka mbali zaidi ya hapo inachelewa na kuangukia kwenye zamu ya mwingine. Kuna mbinu za kurefusha, lakini ndiyo hali ya kawaida. Mwishoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Zain, Ericsson na chama cha kampuni za simu duniani, GSMA, walikuja na mradi wa kupeleka mtandao ziwani kwa ajili ya usalama wa wavuvi, na lengo lao lilikuwa kufika takribani kilomita 20 kutoka ufukweni. Ulikuwa mradi wa maana, kwa sababu ajali nyingi za mitumbwi zinatokea ndani ya umbali huo. Ila anayefuata sangara mbali, au aliyepiga kambi kwenye kisiwa cha nje kabisa, yuko nje ya ramani hiyo.

Na aliye ndani ya ramani bado ana simu kwenye nailoni. Jamani, tusilichukulie kama uzembe. Simu ikilowa imekufa, chaji ya usiku mzima ni ya kubana, na mikono inavuta nyavu. Wengine wanaiacha kabisa kambini. Simu ya mvuvi ni chombo cha nchi kavu.

Hapo ndipo fizikia inapoingia, na fizikia ya ziwa hili ni ya ajabu kidogo. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu inapanda, ya ziwani inaingia kuchukua nafasi yake, na mawingu ya radi yanajengeka juu ya nchi, hasa alasiri. Usiku mambo yanageuka. Nchi inapoa haraka, maji yanabaki na joto lake, na sasa upepo unatoka nchi kavu kuelekea ziwani. Ziwa letu ni karibu duara, kwa hiyo upepo huo unatoka pande zote, Mwanza, Mara, Kagera, Uganda na Kenya, unakutana juu ya maji, hauna pa kwenda isipokuwa juu, na unapanda na unyevu wote. Hivyo dhoruba kali za ziwani kilele chake ni usiku wa manane kuelekea asubuhi. Saa ileile ambayo taa za dagaa zimetapakaa majini mpaka ukikaa kilimani Bwiru unaweza kudhani ng'ambo kuna mji.

Mwaka 2016 Wim Thiery na wenzake walichapisha utafiti kwenye jarida la Nature Communications kuhusu dhoruba hizi. Jambo moja walilolionyesha linatuhusu moja kwa moja: ukali wa dhoruba za usiku ziwani unahusiana na ngurumo zilizotokea nchi kavu alasiri iliyotangulia. Maana yake setilaiti ikiangalia mawingu ya nchi kavu mchana, inatoa dokezo la kitakachotokea majini usiku. Walifuatia na kazi ya kugeuza dokezo hilo liwe onyo la mapema. Zaidi ya hapo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ina rada yake hapa Mwanza, na rada inaona mvua ikitembea.

Unaona saa zinavyojipanga? Dalili zinaonekana alasiri. Mtumbwi unaondoka jioni. Dhoruba inakuja usiku. Kati ya dalili na kuondoka kuna saa chache tu ambazo mvuvi yuko mwaloni, simu iko mkononi, mtandao upo, na bado hajaamua. Mfumo wowote wa maonyo kwa ziwa hili ningeupima kwa swali moja: ulisema nini kwenye saa hizo? Rada ya saa saba usiku ni nzuri kwa meli yenye redio na nahodha aliye macho. Kwa mtumbwi wa mbao wa watu wanne, imechelewa.

Nikija kwenye maneno yenyewe, hapa nitakaa kidogo. Tunachambua minara na setilaiti, ujumbe hakuna anayeuchambua, wakati ujumbe ndiyo sehemu pekee ambayo mvuvi anaiona. Mtu yeyote anayefuatilia taarifa za hali ya hewa nchini anaujua muundo. Nimetunga mfano kwa mtindo huo, si nukuu ya taarifa ya siku fulani:

Angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2 limetolewa kwa baadhi ya maeneo ya Ziwa Victoria. Uwezekano wa kutokea: wastani. Kiwango cha athari: wastani. Athari zinazoweza kujitokeza: kuathirika kwa baadhi ya shughuli za uvuvi na usafirishaji. Tafadhali zingatia na jiandae.

Kitaalamu hakuna kosa. Kueleza athari badala ya kutaja upepo peke yake ndiyo njia inayohimizwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, na TMA inastahili pongezi kwa kuifuata. Lakini isome kama mtu aliyesimama kwenye mchanga na kapu la nyavu.

"Angalizo." Kwenye ngazi za TMA, angalizo ni daraja la chini, rangi ya njano, juu yake kuna tahadhari, rangi ya chungwa, kisha tahadhari kubwa, nyekundu. Sasa muulize jirani yako, bila kumwonyesha rangi, lipi zito zaidi kati ya angalizo na tahadhari. Mimi niliuliza nyumbani kwetu ukazuka ubishi mpaka chai ikapoa. Kwa Kiswahili cha kila siku maneno haya yanabadilishana viti. Ngazi inayotegemea tofauti ambayo msikilizaji haisikii inafanya kazi kwenye jedwali tu.

"Kilomita 40 kwa saa." Bodaboda wa Mwanza anapita spidi hiyo akiwa na abiria wawili na gunia. Kwa sikio la kawaida 40 ni mwendo wa taratibu. Anayejua upepo atakuambia kwamba huo unatosha kuinua ziwa zima, ila aliyeandikiwa ujumbe si mtaalamu wa upepo. Mita 2 ina nafuu kidogo, lakini kwa nini tusiseme tu wimbi linapita kichwa cha mtu mzima aliyesimama?

"Baadhi ya maeneo." Yapi? Aliyeko Kayenze na aliyeko Goziba wako kwenye ziwa moja, lakini usiku wao haufanani. Kila mmoja akisoma "baadhi" anaweka wengine.

Na ile iliyonikera kuliko zote, "kuathirika kwa baadhi ya shughuli za uvuvi." Shughuli haizami. Shughuli haina mke wala watoto. Mtu ndiye anayekufa maji, na sentensi imejengwa ili mtu asionekane ndani yake. Nadhani ni woga wa kutisha watu, au mazoea ya ofisi, na sina haja ya kumsingizia mwandishi nia mbaya. Ila matokeo yake ni kwamba ujumbe kuhusu kifo unasomeka kama taarifa ya kukatika kwa huduma.

Mwisho, "zingatia na jiandae." Kujiandaa vipi? Kama nina jaketi moja la kujiokolea na tuko wanne, nijiandae vipi?

Nilijaribu kuandika wa kwangu. Kwa viwango vya GSM, ukurasa mmoja wa king'ora unabeba herufi 93, na kurasa zinaweza kuunganishwa hadi 15. Nikajipa ukurasa mmoja:

Ukerewe, Ukara: dhoruba leo kuanzia saa 5 usiku. Usitoke. Uliyeko majini rudi kabla ya saa 4.

Ni herufi 93 kamili ukihesabu nafasi na nukta (nimehesabu mara tatu, niamini). Mahali, jambo, saa, la kufanya. Hakuna rangi, hakuna uwezekano wa wastani. Mchana mzima nilijiona mshindi.

Kisha nikamsomea mzee yule, maana nilimrudia wiki iliyofuata, mwezi ukiwa umeshapungua. Akasema Kiswahili kimenyooka. Kisha akauliza, "Na usipovuma?"

Hapo ndipo ule wa ofisini unapoanza kueleweka. "Usitoke" ni amri, na utabiri ni bahati nasibu iliyosomewa vizuri. Chukulia kwamba umesema "usitoke" mara kumi kwenye giza la mwezi mmoja, na dhoruba ikaja mara tatu. Kwa mtaalamu wa hali ya hewa, kwa jambo gumu kama radi, si matokeo mabaya. Kwa mvuvi ni usiku saba wa njaa, na giza la mwezi lenyewe ni wiki mbili au zaidi kidogo tu. Mara ya kumi na moja haangalii simu. Hawaii mwaka 2018, tarehe 13 Januari, simu zilitangaza kombora linakuja, na marekebisho kwa simu hizohizo yalichukua dakika 38; watu walilia, waliagana. Lile lilikuwa kosa la mara moja, likaombewa radhi. Tahadhari ya ziwani inaweza kukosea kidogo kidogo kila wiki bila mtu kuomba radhi, na imani inamomonyoka kimyakimya.

Halafu kuna jambo ambalo kwenye grupu letu hakuna aliyeligusa: anayeshika simu mara nyingi si anayeamua. Mtumbwi una tajiri. Mafuta ni ya tajiri, nyavu za tajiri, injini ya tajiri. Vijana wanalipwa kwa mgawo wa kilichovuliwa. Usiku wasiotoka hakuna mgawo, na pengine kesho kuna vijana wengine wa kuchukua nafasi. King'ora kinalia kwenye simu ya kijana wa miaka 22. Anafanyaje? Anampelekea tajiri aliyeko mjini, ambaye kwake anga ni nyeupe. Tunajenga mfumo wa kumwonya mtu mmoja mmoja, wakati uamuzi ni wa biashara nzima. Kama ningepewa fungu la mradi, sehemu ya kwanza ningeipeleka huko: makubaliano ya mwalo, kupitia vikundi vyao vya usimamizi, BMU, kwamba siku ya rangi nyekundu hakuna mtumbwi unaotoka, wa tajiri yeyote, hivyo hakuna anayepoteza peke yake. Ujumbe ungekwenda kwa kiongozi wa mwalo alasiri, akaupigia kipaza sauti. Mambo ya kizamani kabisa.

Sijabuni hili. Uganda, huko Kalangala, mwaka 2011 walijaribu maonyo ya hali ya hewa kwa simu za wavuvi, kwa rangi kama za taa za barabarani, kukiwa na idara yao ya hali ya hewa, MTN, Ericsson, Grameen Foundation na Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Baadaye ukaja mradi wa HIGHWAY, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia 2017, ukiunganisha taasisi za hali ya hewa za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Huo, kwa maoni yangu, ndio uliokwenda karibu zaidi na ukweli wa mwaloni, kwa sababu walianza kwa kuwauliza wavuvi wanataka kujua nini, kisha utabiri ukagawanywa kwa kanda za ziwa na kusambazwa kwa redio, WhatsApp na viongozi wa mialo. Tathmini yake ilikadiria kwamba vifo vitokanavyo na hali ya hewa vilipungua kwa takribani asilimia 30.

Nafurahi kuisoma namba hiyo, na bado naishika kwa vidole viwili. Asilimia 30 ya ngapi? Makadirio ya wanaokufa ziwani kila mwaka yanatofautiana kutoka kama 1,000 hadi 5,000, kutegemea nani anasimulia. Huwezi kujua vizuri umepunguza theluthi ya kitu ambacho hukuwahi kukihesabu. Ndiyo maana napenda zaidi utafiti mmoja mdogo wa hapahapa Mwanza, uliochapishwa mwaka 2019 kwenye BMJ Open. Watafiti waliingia kwenye jamii za wavuvi za upande wetu wa ziwa na kuhesabu waliokufa maji kijiji kwa kijiji. Kwa miezi 24 walipata vifo 86, sawa na zaidi ya watu 200 kwa kila 100,000 kwa mwaka, kiwango cha kutisha. Wengi ni wanaume waliokuwa wakivua au kusafirisha watu na mizigo, na dhoruba ilitajwa sana. Lakini karibu mmoja kati ya kila sita alikuwa mtoto, na kwa watoto safari ya kwenda au kutoka shule ilikuwa miongoni mwa sababu. Mtoto wa darasa la tatu hana simu. King'ora kinalia mfukoni mwa nani hapo?

Na tuliseme lile la kwenye grupu, kwamba kingekuwepo, MV Nyerere isingeua watu. Ingeua. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko kile kilipinduka kikiwa kinakaribia Ukara kutoka Bugolora, kikiwa na watu zaidi ya mara mbili ya uwezo wake wa abiria 101. Waliokufa walizidi 220. MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, ilizama karibu na Mwanza ikiwa na watu wengi kuliko 430 iliyoruhusiwa, na waliokufa wanahesabiwa kwa mamia, takwimu inayotajwa sana ikikaribia 900. Hizo zilikuwa hesabu za abiria gatini, mizigo, na mtu wa kusema "imetosha, wengine msubiri." Simu milioni moja zikilia hazipunguzi abiria hata mmoja.

Pale simu ingekuwa na kazi kwenye ajali kama hizo ni kwa njia ya kurudi: kutoka majini kwenda nchi kavu. Nani anapigiwa, anapokea, ana boti, boti ina mafuta, na usiku ana taa. MV Nyerere, uokoaji ulisitishwa giza lilipoingia na kuendelea asubuhi. Siku mbili baada ya ajali mtu mmoja alitolewa akiwa hai ndani ya kivuko, alikuwa amepata mahali penye hewa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, waliofika mwanzo kabisa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 kati ya 43 walitoka hai. Wale wavuvi hakuna aliyewatumia king'ora, waliona. Mradi wa mawasiliano na usafiri wa Ziwa Victoria unaofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika kwa Tanzania na Uganda umeweka Mwanza kuwa makao ya kituo cha uratibu wa utafutaji na uokoaji, na kwangu habari ya kituo hicho ina uzito kuliko video ya maktaba ya Uingereza, ingawa haichekeshi na haitasambaa kwenye grupu lolote.

Rafiki yetu alinijibu baada ya kusoma rasimu ya makala hii. Akasema ninakatisha tamaa, kwamba tukisubiri kila kitu kikamilike hatutaanza. Inawezekana. Ningeanza hivi: jaribio la mwalo mmoja, giza la mwezi mmoja, ujumbe unatoka saa 10 alasiri, na kila asubuhi mtu anaandika mitumbwi mingapi ilitoka, mingapi ilirudi, upepo ulikuwaje. Ni daftari na kalamu. Baada ya miezi sita tungejua kama watu wanabaki nchi kavu, na kama wanabaki kwa sababu ya ujumbe au kwa sababu ya mawingu waliyoyaona wenyewe. Mzee haamini kwamba watabaki. Anasema wanaojua anga hawahitaji simu na wasiojua hawataisikiliza, na hapo nadhani anakosea, kwa sababu dhoruba ya saa nane usiku saa kumi alasiri haionekani kwa macho ukiwa ufukweni.

Siku ile ya pili nilimwomba kitochi chake. Nikaingia kwenye mipangilio ya ujumbe, nikatafuta sehemu ya matangazo ya mnara. Ipo, na ilikuwa imezimwa. Nikamweleza ni nini, nikamuuliza niiwashe au niiache.

"Washa," akasema, huku akifunga betri ya taa kwa mpira. "Lakini waambie walie kabla sijapanda."

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Wenzake walikuwa wameshaanza kusukuma mtumbwi.